Barua kwa mwanangu: saa bila daftari

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti wa Ijumaa usiku nimeusikiliza mara tatu. Uliniuliza: "Mama, naamka saa kumi alfajiri, nalala saa sita usiku, mwaka na miezi mitatu sasa, mbona biashara iko pale pale? Niongeze saa ngapi tena?" Sauti yako ilikuwa imechoka, na nyuma yake nilisikia mashine ya kuziba pakiti ikilia. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana ungenisikiliza huku unapakia. Hii isome ukiwa umekaa.

Usiongeze hata saa moja, mamangu. Saa unazo, lakini umezigawa kwa kila aliyeita jina lako mpaka ile biashara yako yenyewe ya mabuyu, achari na viungo haikubakiziwa kitu.

Unakumbuka Jumamosi ile nilipokuja kwako Kisauni tukakaa mkekani? Mbele yako kulikuwa na sinia la mabuyu mekundu, yamepoa vizuri, sukari imeshika. Simu ikilia unanyanyuka, unaosha mikono kwa sababu ya rangi, unajibu, unajifuta, unarudi, unatafuta kijiko ulikiweka wapi. Nilihesabu kimyakimya. Kwa saa moja ulinyanyuka mara 11 na ukapakia pakiti 38. Baada ya swala ya adhuhuri simu ikaisha chaji, ukaiacha chumbani. Saa moja iliyofuata ulipakia 94. Mikono ni ile ile na mabuyu ni yale yale.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lako la pesa nimeliona, ni safi kuliko langu la zamani. Lakini saa huziandiki popote, nazo hupotea vilevile. Mimi nilijifunza hayo kwa uchungu. Nilipoanza kuuza mahamri na mbaazi hapa Kibokoni, Mombasa, wewe hujaanza hata chuo, nilikuwa kama wewe: macho mekundu, mgongo unauma, pesa hazionekani. Siku moja nikachukua daftari la shule la kaka yako, nikaligawa kurasa kwa swala: alfajiri mpaka saa tatu, saa tatu mpaka adhuhuri, adhuhuri mpaka alasiri, alasiri mpaka magharibi, na baada ya isha. Siku saba niliandika kila nilichofanya, hata kupiga soga mlangoni. Siku ya nane nikakaa nikasoma, machozi yakanitoka.

Nilikuwa naenda soko la Kongowea kila siku kununua nazi nane. Kusubiri matatu, kuvuka Daraja la Nyali, kupatana bei, kurudi na kikapu kichwani: saa mbili. Saa 14 kwa wiki zinaliwa na nazi! Na nazi kavu ambayo haijavunjwa hukaa majuma bila kuharibika. Hata chini ya kitanda inakaa. Nikaanza kununua 60 kila Jumatatu, tena kwa bei ya jumla. Zile asubuhi nilizoziokoa sikuzilalia wala sikuchoma mahamri zaidi. Nilivaa baibui langu safi nikazunguka ofisini na shuleni, Makadara mpaka Treasury Square, nikiwa na mahamri ya moto ya kuonjesha. Kabla ya mwaka kuisha nilikuwa na oda tatu za kila siku ya kazi. Mahamri yalikuwa yale yale. Karo yenu ilitoka kwenye zile asubuhi za kuzunguka.

Sasa tuje kwako. Dada yako alinisomea ile orodha ya malipo ya tili ya simu uliyonitumia, ya miezi mitatu. Nilimwambia atenganishe wanaonunua kwa dazeni na wanaonunua pakiti moja moja. Maduka saba tu, yale ya Mwembe Tayari, Bamburi na Mtwapa, yamekuletea shilingi 71 katika kila 100. Wale wa pakiti moja moja ni zaidi ya 60, na hao ndio wanaokupigia simu mchana kutwa. Sisemi uwadharau. Mteja ni mteja, na wengine ndio waliokununulia siku ya kwanza kabla hata ya kuwa na lebo. Lakini ile safari ya Likoni inaniuma. Umetoka Kisauni na pakiti nne za achari, ukapita mjini, ukasimama kwenye kivuko. Feri yenyewe ni dakika chache. Kinachokula siku ni kusubiri, kwenda na kurudi. Nusu siku kwa shilingi 400. Shangazi yako ana duka Likoni, karibu na stendi. Mpelekee katoni moja kila Jumanne, mpe faida yake kidogo, na wateja wote wa ng'ambo wachukue pale. Nimeshazungumza naye, amekubali.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Fomu za alama ya ubora ya KEBS, lile shirika la viwango la Kenya, ziko juu ya friji yako tangu mwezi wa tatu. Niliziona, zina alama ya kikombe cha chai. Ile supamaketi ya Nyali walikwambia wazi kwamba pilau masala yako wameipenda, ila bila alama ya KEBS na bila ule msimbo wa mistari unaotolewa na GS1 Kenya, unaoanza na 616, hawawezi kuiweka rafuni. Mteja wa pakiti moja ana sauti, anapiga simu na kununa. Fomu haina sauti, kwa hiyo inangoja, na inaweza kungoja mpaka mtu mwingine aweke pilau masala yake kwenye rafu hiyo. Asubuhi ya Jumatatu na Jumatano, ukishaswali alfajiri mpaka saa tatu, akili bado ina ubaridi, iwe ya kazi za namna hiyo tu: fomu, lebo, kutafuta maduka mapya, kuhesabu gharama. Simu iwe imezimwa. Hakuna aliyekufa kwa kukosa mabuyu saa moja asubuhi.

Na viungo usisage kila siku. Kupasha karai, kukaanga bizari nyembamba, mdalasini, iliki na karafuu, kisha kuosha na kupangusa mashine ili isishike unyevu, kazi hiyo karibu ni ile ile kwa kilo moja au kwa kilo tano. Saga mara moja kwa wiki. Ila usije ukasaga ya mwezi mzima kwa kutaka kuokoa muda. Kiungo kizima hutunza harufu, kilichosagwa harufu yake huondoka upesi, na wewe unauza harufu. Hapo muda utumie.

Yule msichana anayekusaidia unamlipa siku nzima, naye anafagia na kubandika lebo tu. Mfundishe kupika mabuyu. Najua utasema ataharibu. Ataharibu, ndiyo. Mahamri ya kwanza ya msaidizi wangu hayakufura hata moja, nikawapa watoto wa jirani wakatafunia chai. Siku ya nne yakafura. Lakini kumfundisha kwa "tia kiasi" hakutamsaidia, kwa sababu kiasi chako kiko mkononi mwako. Pima sukari, maji, rangi na iliki kwa gramu, andika, bandika ukutani. Ukiumwa siku mbili biashara isiumwe nawe.

Madeni nayo hula saa. Hoteli moja ya ufukweni, sitaitaja, ilinikalia na pesa zangu miezi mitano. Nilikwenda mara tisa kukaa kwenye benchi la ofisi ya mhasibu, kila mara asubuhi nzima. Pesa nilizipata, asubuhi zile tisa sikuzipata. Yule mwenye duka wa Bamburi unayemfukuzia tangu mwezi jana, mwambie mzigo unaofuata ni kwa nusu ya malipo mkononi. Akikataa, mwache.

Angalia pia mwaka, si siku peke yake. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na mwaka jana ilikukuta huna pakiti, ukazinunua kwa bei ya dharura. Ziagize mwezi wa Rajab, miezi miwili kabla. Maembe ya achari yaanike yanapojaa mwisho wa mwaka, bei ikiwa chini.

Na ulale, mamangu. Baada ya isha funga. Nimekuona ukichoma vidole kwa ile mashine ya kuziba pakiti kwa sababu ya usingizi, na bado kovu unalo. Biashara hiyo nataka ikukute una miaka 50, una mgongo na una macho.

Usibadilishe yote wiki hii. Anza na daftari, siku saba, kwa swala, kama nilivyofanya mimi. Andika na yale unayoona haya kuyaandika. Jumamosi baada ya alasiri nitakuja na lile daftari langu la zamani, bado ninalo sandukuni, lina madoa ya mafuta, tuyaweke yote mawili mkekani tuyasome. Zile fomu zitoe juu ya friji uziweke karibu na kalamu. Nitakuletea samaki wa kupaka, kwa hiyo usipike.

Nakuombea kila swala.

Mamako, Kibokoni