Kabla hujagusa diski, uliza mashine inaandika wapi

Maswali ya safari hii yote yanahusu mashine pepe zinazoendeshwa na KVM, sehemu ya kerneli ya Linux iliyoingizwa mwaka 2007 katika toleo la 2.6.20, na kusimamiwa kwa amri ya virsh. Katika mifano mashine nimeiita seva1. Naanza na swali jepesi.

Nimeunda mashine tatu na zote zinafanya kazi, lakini nikiandika virsh list --all napata jedwali tupu. Zimeenda wapi?

Zipo palepale. Libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe ambayo virsh huzungumza nayo, ina milango miwili: `qemu:///system`, ambao ni wa seva nzima, na `qemu:///session`, ambao ni wa mtumiaji mmoja mmoja. Ukiita virsh bila kuwa root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, mara nyingi unaingizwa mlango wa pili, na huko hujaunda chochote. Jaribu `virsh -c qemu:///system list --all`. Ukiziona, jiunge na kundi la libvirt, toka na uingie upya, kisha weka `export LIBVIRT_DEFAULT_URI=qemu:///system` kwenye .bashrc yako.

Nimeongeza diski kutoka GB 20 hadi GB 30 kwa virsh blockresize. Ndani ya mashine df bado inasema 20.

Umepanua tabaka la kwanza kati ya matatu. Kuna diski yenyewe, ndani yake kuna partisheni, na ndani ya partisheni kuna mfumo wa faili. Ingia ndani ya mashine uandike lsblk: utaona vda ni 30G huku vda1 ikiwa bado 20G. Andika `growpart /dev/vda 1`, na uache nafasi kabla ya hiyo 1. Kisha, kama ni ext4, `resize2fs /dev/vda1`. Kama ni XFS, `xfs_growfs /`. Hakuna haja ya kuizima.

Angalizo moja kuhusu blockresize: namba unayoipa ni ukubwa wote mpya, si nyongeza, na ukisahau kuweka G mwishoni inahesabiwa kwa KiB. Soma mstari wako mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

Mashine imeganda na virsh list inasema paused. Nikiandika virsh resume inarudi paused papo hapo. Niilazimishe kuzima?

Hapana, tafadhali usiizime. Hali hiyo ndiyo inayolinda data yako. Andika `virsh domstate seva1 --reason`, kisha `virsh domblkerror seva1`. Ukiona neno no space, basi diski ya kompyuta mwenyeji, yaani ile iliyobeba mashine zako, ndiyo iliyojaa. QEMU, programu inayoiendesha mashine pamoja na KVM, ilipotaka kuandika ikakosa nafasi, ikaisimamisha mashine palepale badala ya kuiambia kwamba diski yake mbovu. Programu zilizomo ndani hazijui lolote. Kwao ni kama saa imesimama.

Andika `df -h /var/lib/libvirt/images`, au folda nyingine unakohifadhi diski. Hamisha ISO za zamani, ondoa bekapu zilizokwisha kunakiliwa kwingine, kisha `virsh resume seva1`. Itaendelea pale ilipoachia. Ukiilazimisha kuzima unapoteza kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu na bado hakijafika diskini, na hifadhidata ndizo huumia zaidi.

Chanzo cha haya ni ahadi. Faili la qcow2, yaani faili linalotumika kama diski ya mashine, la GB 100 huanza likiwa dogo sana na hukua kadiri mashine inavyoandika, kwa hiyo ni rahisi kuziahidi mashine tano GB 100 kila moja juu ya diski ya GB 300. Amri ya `qemu-img info -U` huonyesha mambo mawili: virtual size ni ulichoahidi, disk size ni kilichokwisha kuliwa. Jumlisha virtual size za mashine zako zote leo, ulinganishe na diski uliyonayo.

Nimefuta GB 40 za logi ndani ya mashine, ila faili la qcow2 halijapungua hata kidogo.

Kufuta ndani hakumfikii mwenyeji mpaka aambiwe. Zima mashine, fungua `virsh edit seva1`, na kwenye mstari wa driver wa diski hiyo ongeza `discard='unmap'`. Iwashe, kisha ndani yake andika `fstrim -av`. Faili litapungua.

Folda yangu ya diski ina seva1.qcow2, seva1.kabla na seva1.jaribio. Hizo mbili nilizipata nilipopiga snapshoti, yaani nilipohifadhi hali ya diski ya wakati ule. Nataka nafasi, nifute lile la zamani?

Swali hili limenigusa, kwa sababu niliwahi kufuta. Niliona faili lenye tarehe ya miezi mingi nyuma, halijaguswa tangu hapo, nikalifuta. Mashine ikaendelea kufanya kazi wiki nzima bila tatizo. Siku umeme ulipokatika na seva kuwaka tena, ile mashine haikuwaka. Lile la zamani ndilo lililokuwa msingi.

Ukipiga snapshoti kwa `--disk-only`, faili la awali halinakiliwi. Linafungwa lisiandikwe tena, na faili jipya linawekwa juu yake kupokea mabadiliko tu. Kwako, jaribio limeegemea kabla, nayo kabla imeegemea seva1.qcow2. Tarehe ya zamani haina maana kwamba halitumiki. Linasomwa kila siku. Na mashine yangu iliishi ile wiki kwa sababu Linux haiachii faili lililofutwa maadamu kuna programu iliyolifungua. Laiti ningegundua mapema ningelinakili kutoka `/proc/PID/fd` ya QEMU (PID ni namba ya programu inayoendelea), mashine ikiwa bado hai.

Kwa hiyo, uliza kwanza. `virsh domblklist seva1` itakutajia faili ambalo mashine inaandika sasa. Lifuatishe na `qemu-img info -U --backing-chain` ya faili hilo, uone mnyororo mzima. Kisha unganisha, mashine ikiwa inafanya kazi:

`virsh blockcommit seva1 vda --active --pivot --verbose`

Mabadiliko yote yatashushwa hadi seva1.qcow2 na mashine itahamia hapo. Rudia domblklist. Ikisema seva1.qcow2, na hakuna mashine nyingine iliyoegemea yale mawili, hapo ndipo unaweza kuyafuta, pamoja na kumbukumbu zake: `virsh snapshot-delete seva1 kabla --metadata`, halafu hivyo hivyo kwa jaribio.

Na snapshoti si bekapu. Iko kwenye diski ileile. Ikifa diski, vimekufa vyote viwili.

Virsh destroy inafuta mashine?

Haifuti. Ni sawa na kuchomoa waya wa umeme, hivyo jaribu `virsh shutdown` kwanza. Inayoondoa mashine kwenye orodha ni undefine, na diski hubaki. Ukiiongezea `--remove-all-storage` ndipo diski zilizoko kwenye hifadhi za libvirt zinaondoka, hata ile ya data uliyoiunganisha baadaye. Mimi huandika domblklist kwanza, nikaichomoa ya data kwa `virsh detach-disk seva1 vdb --config`, ndipo nikaendelea.