Beibi, mido, priyuniti: mtoto anahitaji miaka mingapi kabla ya awali?

Kila ikifika Oktoba, Novemba hivi, matangazo ya shule yakianza kubandikwa kwenye nguzo za umeme hapa Tanga, mimi huulizwa swali lile lile. Mashoga wanauliza, mawifi wanauliza, jirani wa Makorora ananisimamisha sokoni na kapu lake mkononi: "Mama, huyu wangu katimiza miaka mitatu, nimpeleke beibi au ningoje?"

Jibu fupi ninalo, na nalitoa mapema ili mwenye haraka asimalize bando bure. Mtoto mwenye afya, mwenye mtu wa kuongea naye na wenzake wa kucheza nao, anatoshwa na mwaka mmoja wa darasa la awali, mradi ausome kweli, asiwe wa kwenda leo na kesho kubaki. Miaka inayotangulia hapo ni ya malezi. Ukiilipia, jua unalipia malezi, na kituo ukichague kwa vigezo vya malezi.

Tuweke hesabu sawa kwanza, maana majina ya madarasa yanatuchanganya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliweka awali isiyopungua mwaka mmoja kabla ya msingi, na kwa kawaida mtoto huingia awali akiwa na miaka 5, darasa la kwanza akiwa na 6. Shule za msingi za serikali zinatakiwa kuwa na darasa hilo, na ada hakuna tangu 2016, ingawa sare, madaftari na mchango wa uji bado vinatafuta mfuko wa mzazi. Shule binafsi zina ngazi tatu: beibi kwa miaka 3, mido kwa 4, priyuniti kwa 5. Priyuniti ndiyo awali yenyewe. Kwa hiyo mama anayeniuliza kuhusu "nasari" kwa kweli anauliza juu ya beibi na mido tu, miaka miwili ambayo hakuna anayemlazimisha.

Mimi ninao watatu, na kila mmoja alipita njia yake kwa sababu za maisha zaidi kuliko za elimu. Kifungua mimba aliingia beibi na miaka yake mitatu kwa kuwa nilikuwa nakaa kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi asubuhi hadi jioni, na dada wa kazi alikuwa ameondoka kwenda kuolewa. Wa pili alilelewa na bibi yake Tongoni mpaka umri wa awali ukafika. Wa mwisho alianza na miaka minne, asubuhi tu, saa sita mchana yuko nyumbani anadai wali.

Wa kwanza alifika awali anaandika jina lake. Wa pili alifika anashika penseli kama mtu anayeshika kisu cha kuparia samaki. Mwalimu alinitazama, nami nikatazama pembeni. Lakini huko Tongoni hakuwa amekaa bure. Bibi yake alikuwa akisuka ukili barazani, yeye akimpangia miyaa: nyekundu huku, nyeupe kule, hesabu tena, umeruka mmoja. Vidole vilikuwa na kazi kutwa, kuchambua mchele na kupukuchua mahindi. Madau yakirudi aliteremka pwani na watoto wenzake, akajua changu, tasi, pono na kolekole kwa sura na kwa jina. Usiku vitendawili, na asiyejua jibu anatoa mji.

Walipofika darasa la pili, kila mmoja kwa wakati wake, wote wawili walikuwa wanasoma vizuri, na ile tofauti ya herufi iliyoniumiza kichwa Januari ya awali sikuiona tena. Tofauti nyingine zilibaki. Huyu wa Tongoni akisimulia jambo unaliona, ana maneno. Mkubwa hana woga wa watu wengi, mpeleke popote atapata rafiki kabla hujakaa. Kiasi gani ni beibi na kiasi gani ni tabia yake ya kuzaliwa, siwezi kuapa.

Dada yangu ni mwalimu wa awali katika shule ya serikali hapa mjini. Utaratibu unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Yeye hajawahi kupata bahati hiyo. Ukimwuliza mtoto aje Januari anajua nini, herufi hazitaji. Anataja choo. Mtoto anayeweza kusema "mwalimu, mkojo" kabla mambo hayajaharibika, akavua kaptula mwenyewe, akanawa, huyo kwake ni mwanafunzi tayari. Kisha ajue kufungua kopo lake la chakula, aweze kungoja zamu ya uji bila kumsukuma mwenziwe, na akiambiwa mambo mawili kwa pamoja, "chukua kikombe, kaa mkekani", asisahau la pili njiani.

Halafu jina. Huku kwetu mtoto akipewa jina la baba mkwe, mama halitamki, kwa adabu. Nyumba nzima inamwita "Babu" au "Baba". Siku ya kwanza rejista inasomwa, jina linaitwa mara tatu, na mwenyewe yupo pale mbele anachezea kamba ya kiatu. Mfundisheni jina lake la kwenye cheti jamani, hata kama ni shangazi atakayelitamka kwa niaba yako.

"Herufi niachieni mimi," dada husema, "ndiyo kazi ninayolipwa." Na ukisoma mtaala wa awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania utaona hata wenyewe hawamtaki mtoto wa miaka mitano asome gazeti. Unazungumzia kuhusiana na wenzake, kuwasiliana, kutunza afya yake na mazingira, sanaa, na dhana za mwanzo za hesabu. Sehemu kubwa ya hayo inapatikana uani na jikoni kama kuna mtu mzima mwenye subira ya kujibu "kwa nini" ya arobaini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wazazi wa Tanga tunalisahau kabisa tunapopiga hesabu hizi: chuo. Watoto wengi mitaani kwetu, wakifika miaka minne, wako madrasa tayari. Wanakaa mkekani, wanamsikiliza maalimu, wanaitikia kwa pamoja, wanafuatisha alifu, bee, tee kwa kidole, wanajifunza kuamkia wakubwa na kuheshimu zamu. Mtoto huyo anakwenda chekechea, hata kama hakuna anayeiita hivyo wala hakuna kipanya cha njano kinachomfuata mlangoni. Ukimwongezea beibi ya kutwa, humpeleki shule kwa mara ya kwanza. Unampa shule ya pili.

Nimeona ratiba za watoto wa miaka minne zinazomtoa jasho mtu mzima. Anaamshwa saa kumi na moja alfajiri kwa sababu gari la shule linaanzia mbali na litazunguka Mwanzange, Mikanjuni na Sahare kabla ya kufika. Anarudi saa tisa. Saa kumi chuoni. Taa zikiwashwa anakalishwa na homuweki, aandike "a" mistari kumi, huku anasinzia, na mama anamfokea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ule wa mchana ukiwemo, na dakika 180 za kuchangamsha mwili. Fanya hesabu mwenyewe. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri, bila usingizi wa mchana, inabidi awe amelala saa moja usiku ili apate hizo kumi za chini kabisa. Nyumba gani Ngamiani inalala saa moja, ishaa haijaadhiniwa?

Kwa hiyo ushauri wangu hapa ni mkali kidogo. Kama anakwenda chuo jioni, asubuhi mwache nyumbani, au mpeleke kituo cha jirani cha kufika kwa miguu na kurudi saa sita. Homuweki ya mtoto wa miaka mitatu hata sijui nani aliileta.

Wapo watoto ambao beibi na mido zinawafaa kweli. Mtoto wa pekee ndani ya geti, anayeshinda na runinga na dada wa kazi ambaye naye yuko kwenye simu, huyo anahitaji wenzake, na anawahitaji mapema. Mtoto ambaye mama na baba wote wanatoka asubuhi na bibi yuko mbali, huyo anahitaji mahali salama, na hapo mzazi asione haya wala asitafute kisingizio cha elimu. Kufanya kazi ni sababu tosha. Mtoto mwenye miaka mitatu ambaye bado haungi maneno mawili, au haitiki akiitwa, aanzie hospitali. Bombo wamwangalie masikio na mengineyo. Nimesikia mno "ataongea akichanganyika na wenzake", na wengine wameongea, ndiyo, lakini mtoto asiyesikia vizuri atakaa beibi mwaka mzima akiitwa mtundu.

Utasikia watu wakitaja tafiti za Marekani kwamba chekechea inabadili maisha. Ule unaotajwa zaidi ulifanyika mjini Ypsilanti, jimbo la Michigan, miaka ya 1960, kwa watoto 123 wa familia maskini, na ni kweli waliopata programu ile walifuatiliwa hadi utu uzima na wakaonekana kufanya vizuri kuliko wenzao. Lakini tazama walipewa nini: darasa la asubuhi la takriban saa mbili na nusu, watoto wachache kwa mwalimu, na mwalimu akimtembelea mama nyumbani kila wiki. Hakuna kipanya, hakuna kutwa nzima. Nyumba ilikuwa nusu ya dawa. Na Finland, nchi ambayo watu hupenda kuitolea mfano, awali ya lazima ni mwaka mmoja, mtoto akiwa na 6, na shule yenyewe inaanza na 7. Kabla ya hapo wengi wako kwenye vituo, lakini kinachofanyika humo ni malezi na michezo.

Ukiamua kumpeleka, nenda ukaone asubuhi ya siku ya kawaida, usiende siku ya wageni. Mimi huanza chooni: kuna maji, kuna tundu la kumfaa mtoto, kunanuka? Kisha nje: kuna mchanga, kuna kivuli, wanatoka? Kisha namtafuta mtoto anayelia, maana hakosekani, nione anafanywa nini. Nikiona kiboko mezani kwenye chumba cha watoto wa miaka mitatu, narudi na mwanangu. Uliza usajili pia. Kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa upande wa Ustawi wa Jamii, darasa la awali upande wa elimu, na mwenye karatasi hakasiriki akiulizwa. Ubao wa Kiingereza getini haukuambii lolote kuhusu hayo.

Na kwa kuwa nimegusa Kiingereza: wengi wanakimbilia beibi kwa hofu ya usaili wa inglishi midiamu. Kuna shule moja ilimkataa mtoto wa jirani yangu, miaka mitatu, kwa kuwa hakutaja rangi kwa Kiingereza. Mama yake alilia. Mimi nilimwambia ashukuru, shule imeonyesha sura yake kabla hajalipa. Mtoto mwenye Kiswahili cha kushiba, anayeweza kuuliza, kubisha na kusimulia, ana mahali pa kuitundika lugha ya pili.

Fedha nitaipitia haraka kwa kuwa kila nyumba inajua yake. Jumlisha ada, gari, chakula, sare mbili, rimu za karatasi, na mahafali. Ndiyo, mahafali, na joho na kofia na keki, kwa mhitimu ambaye bado anafungwa kamba za viatu. Mkubwa wangu nilimkodia hilo joho na picha iko sebuleni, sijuti, ila mdogo wake aliyetoka Tongoni hana picha hiyo na hajawahi kuuliza. Kama kipato kinabana, beibi na mido ndizo za kukata. Awali usiikate, na pesa iliyobaki inunue vitabu vya hadithi vya Kiswahili na viatu vya darasa la kwanza.

Kama mwanao anatimiza mitano mwaka huu, usingoje Januari. Nenda shule ya karibu wakianza kuandikisha, na cheti chake cha kuzaliwa, na kama cheti bado, anza kukifuatilia sasa. Ukifika omba kuonana na mwalimu wa awali mwenyewe. Mwulize ana watoto wangapi, wanakaa wapi, uji unapikwa siku zipi, na wanatoka saa ngapi. Saa za kutoka ndizo zitakazokuambia kama unahitaji mtu wa kumpokea, na hilo ni bora ulijue kabla hujaaga kazini.