Kile kibao cha nyati sio uganga, mwanangu

Mwanangu Zuhura,

Sie huku wazima, mama ako tu anakohoa kidogo. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Ati mama mkwe kaja kukutembelea, kakiona kile kibao nilichokupa ulipoolewa, chenye kichwa cha nyati na vile vidude vya mikia, kasema ni mambo ya kiganga kitolewe ukutani, na wewe unaniuliza kina maana gani na kama ukitoe kweli.

Mwaka 1996 meli yetu ilifia injini Makassar, Indonesia, tukakwama wiki 3 tunangoja spea. Mpishi wetu alikuwa mtu wa Toraja, akanambia twende kwetu milimani, basi usiku kucha, kama kilomita 300 hivi kwenda kaskazini. Asubuhi nafungua macho naona nyumba paa limejipinda juu mbele na nyuma kama jahazi, na ukuta wa mbao umenakshiwa wote, hamna hata pa kuweka kiganja. Wanaziita tongkonan, ni nyumba za ukoo, na zamani nakshi zile walikuwa nazo wakubwa tu, sio kila mtu.

Hicho kibao nilinunua kijiji cha Ke'te Kesu', fundi akiwa anachonga cha pili yake. Anaupaka ubao wote mweusi kwanza, masizi yaleyale ya matako ya sufuria, halafu anakata mistari kwa kisu kidogo, pale kisu kilipopita mbao inatokeza nyeupe. Kisha anajaza rangi, nyekundu na njano za udongo, nyeupe ya chokaa, na udongo anaukoroga na tembo la mgema ili ushike. Nikamwambia kwetu tembo tunalinywa, akacheka, akasema hata sisi, linalobaki ndo la rangi.

Sasa hao wanyama. Nyati kule sio mbogo wa porini, ni wa kufugwa, analala kwenye matope, na ndo utajiri wa mtu. Akifa mkubwa wanachinja nyati wengi wamsindikize roho yake iendako, pembe wanazipanga kwenye nguzo mbele ya nyumba, we ukipita unahesabu tu unajua ukoo huu umezika watu wa namna gani. Yule wa mabaka meupe na meusi bei yake ni ya gari, sikutanii. Jogoo kwenye nyumba zao utamwona juu kabisa karibu na paa, kachongwa kasimama juu ya jua. Wanasema jogoo hadanganyi, anajua saa, kwa hiyo ndo alama ya haki na hukumu.

Na hivyo vidude vya mikia ni viluwiluwi mwanangu, watoto wa chura! Umewahi kuwaona kwenye dimbwi la mpunga walivyojazana? Basi ndo dua yenyewe, kizazi kiwe kingi namna hiyo na kikae pamoja. Mimi na mama ako tulikuwa tuna miaka 5 ya ndoa hatujapata mtoto, nikakichagua hicho nikaacha cha jua kilichokuwa kizuri zaidi. Tukakupata wewe, basi, wa pili hakuja, kwa hiyo kama ni uganga ulikuwa wa kitapeli.

Mwambie mama mkwe, kwa adabu lakini, Watoraja wengi siku hizi ni Wakristo na nakshi hizohizo wanazitia mpaka makanisani kwao. Ni kama maandishi tu, wale hawakuwa na vitabu, wakaandika ukutani. Hata milango yetu ya mbao huku imejaa maua na minyororo na hakuna anayeikimbia.

Kukitoa au kukiacha kaa na mumeo muamue, nyumba ni yenu. Ila ukikitoa usikifute na kitambaa kibichi, ule udongo hauna vanishi, utabaki na ubao mtupu. Kifunge kwenye kanga kavu unipelekee kwa mtu wa basi, nitakipokea.

Baba ako