Kopo la Laki Mbili, Mlonge wa Shangazi

Juzi dada mmoja wa Morogoro kaniandikia: kaambiwa na muuzaji wa dawa za asili kuwa dozi ya mgongo ni makopo manne, 480,000, na punguzo linaisha Ijumaa. Niliusoma ujumbe ule moyo ukanienda mbio. Miaka mitatu iliyopita niliambiwa maneno hayohayo.

Mimi ni fundi cherehani. Mgongo ulinibana hadi kushuka daladala ikawa kazi. Rafiki akanipeleka ghorofani Kariakoo, nikashikishwa kichuma kilichoungwa na kompyuta. Dakika moja tu, karatasi ikatoka: ini limechoka, figo zina sumu, mifupa haina kalsiamu. Nikalipa 600,000 kwa makopo matatu. Ilikuwa hela ya mchezo, yaani upatu, na ada ya mwanangu ilikuwa humohumo.

Kopo la pili likaisha, mgongo uleule. Siku hiyo shangazi kaja kutoka Mbagala, akavaa miwani, akaligeuza kopo na kusoma yale maandishi madogo ya nyuma kwa sauti. Cha kwanza kabisa: majani ya moringa. "Mwanangu, moringa si mlonge? Si huu wangu ninaofungia mbuzi?" Nililia. Mlonge, ambao ukikata tawi ukalichomeka ardhini linashika!

Sisemi tiba asili ni uongo, nimelelewa nayo. Ila tujifunze kupiga hesabu. Mwaka 2011 mjomba alikwenda Samunge, Loliondo, kwa Babu, yule mchungaji mstaafu aliyekuwa akigawa dawa ya kunywa kwa kikombe. Kikombe kilikuwa 500 tu, lakini gari, chakula na siku za foleni vilimlia ng'ombe wawili. Kwa hiyo ndugu zangu, ulizeni jumla ya dozi nzima pamoja na nauli kabla ya kutoa hata mia. Ulizeni namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muuzaji akianza kukasirika, ondokeni. Hijama, yaani kuumikwa damu kwa vikombe, uliza bei ya kila kikombe na vitakuwa vingapi, na wembe ufunguliwe mpya mbele ya macho yako, hapo usibane senti. Dawa za presha na sukari za hospitali usiziache ili upate hela ya makopo. Narudia: ulizeni jumla.

Mgongo wangu ulitulia kwa mazoezi niliyofundishwa hospitali ya serikali, na kiti kirefu badala ya kile kigoda.

Dada wa Morogoro, usitume hela. Mwambie muuzaji akupigie picha ya nyuma ya kopo, kisha unitumie tuisome wote kabla ya Ijumaa.