Maktaba Ndiyo Imefaulu

Wadogo zangu mnaopiga msuli hapa Mwanza, Jumamosi niliwaona. Nilikuwa maktaba, meza ya dirishani, namalizia ripoti ya ofisini. Saa tatu asubuhi mkaingia wanne. Zikatoka kompyuta, pauabanki, waya za kutosha kuvuta umeme mpaka Kisesa, na simu mbili kwa mtu mmoja. Mmoja wenu akapanga vitabu vitatu, akafungua cha juu, akakipiga picha, akairusha stetasi. Saa nne na nusu mkaenda kula chipsi. Kitabu kikabaki ukurasa ule ule.

Sikusema kitu, maana mchezo huo niliucheza kabla yenu na niliucheza vizuri kuwashinda. Lakini nimeshindwa kulala nalo, kwa hiyo sikilizeni.

1. Simu ibaki geto. Sisemi uifunike kifudifudi, wala uitie mfukoni. Ibaki geto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walilipima hili mwaka 2017: walioacha simu chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nayo mezani, na zote zilikuwa zimenyamazishwa. Wengine waliorudia jaribio kama hilo hawakupata tofauti hiyo. Sawa, wabishane. Mimi nimeona kwa macho yangu, siihitaji Texas. "Lakini kaka, kikokotoo kiko kwenye simu." Nunua kikokotoo. "Pepa za miaka ya nyuma ziko kwenye grupu." Pitia stesheneri uzichape kabla hujaja. Visingizio vyote navijua, vingine nilivitunga mimi.

2. Usikipige kitabu picha. Hapa ndipo nilipofia.

Mwaka wa pili, somo la uhasibu wa gharama. Kitabu nilichokitaka kilikuwa cha rejea, hakiazimwi, unakisoma hapo hapo na kukiacha. Nikaona wananichelewesha. Jioni moja nikapiga picha sura tatu nzima, kurasa 84. Raha ya siku ile naikumbuka mpaka leo: nilitoka mlangoni natembea kama mtu aliyeshiba ugali na sato. Mtu akiniuliza, najibu nimemaliza sura ya saba mpaka ya tisa. Na kweli nilikuwa nimezimaliza, kuzipiga picha. Kesho yake nikarudi nikapiga nyingine. Wiki sita hivyo, mlango ukifunguliwa nipo, hadi wenzangu wakaniita Rafu.

Usiku nikizifungua nizisome, ujumbe unaingia kwa juu. Nikiugusa, ni mpira. Nikija kushtuka ni saa saba na betri imekufa. Nikajiambia picha hazikimbii.

Asubuhi ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, nimo kwenye daladala ya kutoka Buhongwa, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, natafuta gharama za mchakato. Picha ya kwanza: kidole gumba changu juu ya jedwali. Ya pili: ukungu mtupu. Ya tatu: shangazi yangu kwenye sendofu, kashika kipande cha keki. Picha za kitabu na za grupu la ukoo zilikuwa zimelala pamoja. Niliingia chumba cha mtihani naijua sura ya shangazi kuliko sura ya nane.

Nikala supu, yaani nikafeli na kupangiwa mtihani wa marudio. Ningekuwa najisomesha mwenyewe, ningesema shauri yangu. Lakini ada alikuwa analipa mama, anaanika dagaa kule Ukerewe. Wanaojua dagaa wananielewa: mitumbwi inatoka usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikishawaka taa za wavuvi hazivuti kitu, na watu wanakaa nchi kavu kusubiri. Ada yangu nayo ilikuwa inasubiri giza, mwezi hadi mwezi. Nilipompigia kumweleza nikaanza na utetezi: "Mama, mimi kila siku nilikuwa nashinda maktaba." Sikudanganya. Akanyamaza kidogo, nikawa nasikia upepo wa ziwa kwenye simu. Kisha akasema, "Basi mwanangu, maktaba ndiyo imefaulu."

Likizo ile wenzangu wako makwao, mimi niko na kitabu kile kile cha rejea, daftari na kalamu. Simu nilimwachia jirani, mama muuza maandazi, nikamwambia nikiifuata kabla ya saa kumi aninyime. Siku ya kwanza nilimfuata saa sita. Akaninyima. Sura ya nane, ile iliyonishinda muhula mzima, ilinichukua siku mbili. Mbili tu. Hilo liliniuma kuliko supu yenyewe. Ukiandika kwa mkono unalazimika kuchagua uandike nini na uache nini, na ukichagua ndipo unagundua hujaelewa. Kamera haichagui, inameza tu.

3. Usikae karibu na soketi. Pale ndipo kijiweni.

4. Ijue namba ya rafu yako (wahasibu, 657) uende moja kwa moja, usizunguke kama mtalii.

5. Pumzika, lakini kwa miguu. Dakika 25 za kusoma na tano za kunyoosha mgongo zinamtosha anayeanza. Mimi nikichoka kabisa huwa natoka nashuka mpaka ziwani, nalitazama Jiwe la Bismarck, ndege wamekaa juu yake hawana haraka na mtu, kisha narudi. Siku moja nilirudi nikakuta mtu kakalia kiti changu, amelalia daftari langu na anakoroma. Nikamwacha. Alikuwa wa mwaka wa tatu, anaandika ripoti ya utafiti, na hao huwa hawaamshwi.

Na wewe uliyesahau chaja nyekundu mezani Jumamosi, niliikabidhi mapokezi. Ukiifuata, njoo bila simu.