Tarehe zilezile za likizo, siku tofauti za kukatwa: sikukuu za Ujerumani kwenye programu ya mahudhurio

Swali: Natengeneza programu ya mahudhurio na likizo kwa kampuni yenye ofisi Berlin, München, Augsburg na Nürnberg. Nimeingiza orodha ya sikukuu za Ujerumani, lakini wafanyakazi wanaoomba likizo ya tarehe zilezile wanadai wakatwe siku tofauti. Nani yuko sahihi, na nirekebishe wapi?

Jibu: Huenda wote wako sahihi. Ujerumani ina majimbo 16, na sikukuu huwekwa kwa sheria ya jimbo. Tarehe 3 Oktoba, Siku ya Muungano, ndiyo pekee iliyowekwa kitaifa, kwa mkataba wa muungano wa 1990. Nyingine nane zinafanana nchi nzima kwa sababu tu kila jimbo limeziandika kwenye sheria yake: Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Mei Mosi, Kupaa kwa Bwana, Jumatatu ya Pentekoste, 25 na 26 Desemba. Zaidi ya hapo, kila jimbo na lake.

Jaribu likizo ya Jumatatu 4 hadi Ijumaa 15 Agosti 2025, kwa mtu anayefanya kazi siku tano kwa wiki. Wa Berlin anakatwa siku 10. Wa München anakatwa 9, kwa kuwa tarehe 15 ni Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Wa Augsburg anakatwa 8: ana hiyo ya tarehe 15, na tarehe 8 ana Sikukuu ya Amani, ambayo kisheria ipo katika jiji hilo moja tu. Wa Nürnberg anarudi kwenye 10, ingawa yuko jimbo lilelile la Bayern. Huko tarehe 15 Agosti ni sikukuu katika manispaa zenye Wakatoliki wengi kuliko Waprotestanti kwa hesabu ya sensa, na Nürnberg haimo.

Kwa hiyo kuongeza safu ya jimbo hakutoshi. Kila rekodi ya sikukuu iwe na ngazi tatu: nchi, jimbo, manispaa. Kwa jimbo tumia misimbo ya ISO 3166-2, kiwango cha kimataifa cha misimbo ya majimbo na mikoa (DE-BY ni Bayern, DE-BE ni Berlin). Kwa manispaa tumia namba rasmi ya tarakimu 8. Ya Augsburg ni 09761000. Ihifadhi kama maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea na utabaki ukitafuta kosa lisiloonekana. Usitumie msimbo wa posta: mipaka yake haifuati mipaka ya manispaa, na ipo inayovuka hata mpaka wa jimbo.

Mfanyakazi naye mfunge kwenye mahali anapofanyia kazi. Anwani ya nyumbani haihusiki, wala makao makuu ya kampuni. Anayelala Berlin na kufanya kazi Potsdam, jimbo la Brandenburg, anapumzika 31 Oktoba (Siku ya Matengenezo ya Kanisa) na yuko kazini 8 Machi (Siku ya Wanawake). Mwenzake wa ofisi ya Berlin ni kinyume chake.

Usisahau safu mbili za miaka, kuanzia na hadi. Berlin iliifanya 8 Machi kuwa sikukuu mwaka 2019, Mecklenburg-Vorpommern 2023. Tarehe 31 Oktoba ilikuwa sikukuu nchi nzima mwaka 2017 peke yake, na Berlin ilipumzika 8 Mei mwaka 2020 na 2025 tu. Bila safu hizo, ripoti za zamani zitabadilika kila unapohariri orodha.

Sikukuu zinazohama tarehe kila mwaka zihesabiwe kutoka Jumapili ya Pasaka: Ijumaa Kuu toa 2, Kupaa jumlisha 39, Jumatatu ya Pentekoste 50, Ekaristi Takatifu 60. Pasaka ya 2026 ni 5 Aprili, hivyo Ekaristi ni 4 Juni: Bayern wanapumzika, Berlin wako kazini. Mkija kuajiri Sachsen, wao wana siku ya toba, Jumatano iliyo kabla ya 23 Novemba. Tarehe 23 yenyewe ikiangukia Jumatano, chukua ya tarehe 16. Hapo ndipo kanuni nyingi hukosea.

Sikukuu ikiangukia Jumamosi au Jumapili, Ujerumani haifidii Jumatatu. Kama programu yako ina swichi ya kusogeza siku, izime.

Mwisho, hifadhi tarehe tupu bila saa. Ukiweka saa sita usiku ya Berlin kisha mfumo ukaigeuza kuwa UTC (saa ya marejeo ya dunia), sikukuu itarudi nyuma hadi saa nne au tano usiku ya siku iliyotangulia. Ukimaliza, rudia jaribio la Agosti 2025 kwa ofisi zote nne: Berlin, München, Augsburg, Nürnberg zitoe 10, 9, 8, 10.