Panya walionyimwa chakula usiku: kwa nini wamepoa?

SWALI: Daktari, kabla ya kipimo cha uvumilivu wa glukosi (mnyama huchomwa sukari hiyo, kisha tunaona inavyoondoka kwenye damu) niliwanyima chakula panya weupe wadogo usiku kucha, kwenye chumba cha nyuzi 21. Alfajiri nikawakuta wamejikunja, hawashtuki, na mmoja ana joto la nyuzi 28. Je, kipimajoto ni kibovu au wameugua? Sukari inahusikaje?

JIBU: Kipimajoto huenda ni kizima, na panya nao huenda hawaumwi. Wamebana matumizi.

Panya wa gramu 25 ana ngozi kubwa mno kwa mwili wake, hivyo joto humtoka upesi. Nyuzi 21 ni starehe kwetu tuliovaa makoti. Starehe yake yeye iko karibu na 30. Ili abaki kwenye 37 hivi, huchoma mafuta ya kahawia yaliyo katikati ya mabega. Neva humwaga huko noradrenalini, kemikali ya kupeleka amri, na protini ya UCP1 huifanya mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, itoe joto badala ya ATP, nishati ambayo seli hufanyia kazi. Ni kazi ya gharama, na panya hula hasa usiku, kwa hiyo wewe ulimnyima mlo wake mkuu. Akiba ikipungua, ubongo huacha kugharamia joto: mnyama huzubaa na joto lake kushuka hata chini ya 31.

Kuhusu sukari, iko dawa ya utafiti inayofundisha sana, 2-deoksiglukosi, ambayo huzuia seli kuvunja glukosi. Ukimchoma panya dawa hiyo, sukari ya damu hupanda, maana adrenalini huliamuru ini liiachilie. Hata hivyo mwili hupoa. Ubongo, basi, unaangalia kama glukosi inatumika, si kama imejaa kwenye damu. Insulini, homoni ya kushusha sukari, ikizidi, mwili hupoa vilevile, ila hapo sukari yenyewe ndiyo imekwisha.

Nakusihi usitumie vipimo vya asubuhi ile. Kwa mnyama aliyepoa namna hiyo moyo hupiga polepole na glukosi huondoka kwenye damu kwa kasi nyingine kabisa. Utadhani umegundua kisukari kumbe umepima baridi. Safari ijayo anza asubuhi, waondolee chakula kwa muda wa saa 4 hadi 6 tu, maji yabaki, wape nyenzo za kujengea kiota, na chumba kikiweza kufika 30 ni bora zaidi. Joto la kila panya liandikwe kabla ya sindano ya glukosi, na aliyepoa asichomwe siku hiyo.